Mgeni wa Kituo: Namna Askari wa Muda wa Zimamoto Anavyojipatia Heshima

Wengi wetu hukiona kituo cha zimamoto kwa nje tu. Gari jekundu limeegeshwa, mlango mpana uko wazi, na askari wawili watatu wanaosha gari au kukunja mipira ya maji. Ni wachache wanaofahamu kwamba ndani ya uzio ule, kabla ya moto wowote kuzimwa, kuna jambo linalojengwa kila siku, nalo ni kuaminiana. Askari anapoingia katika nyumba iliyojaa moshi haoni hata mkono wake mwenyewe. Uhai wake umo mikononi mwa mwenzake anayeshika mpira nyuma yake, na mwa yule aliyesimama nje kwenye pampu. Asipowaamini watu hao, atasita mlangoni. Na akisita, aliyenaswa ndani hana wa kumtoa.

Somo hili linawahusu kwanza vijana wa kata zetu wanaopata au wanaotarajia nafasi ya muda katika kituo cha zimamoto: anayejitolea, aliye katika mafunzo kwa vitendo, au aliyechukuliwa kwa mkataba wa miezi michache. Linawahusu pia wazazi na majirani wao, kwa maana kijana huyo atakapofika kazini, huenda nyumba ya kwanza atakayotumwa kuiokoa ikawa ya mmoja wetu.

Kwa nini mgeni hupimwa

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kituoni jembe hutolewa siku ya kwanza, tena saa ya kwanza. Askari wa muda hufika akiwa hana cheo, hana historia pale, na tarehe yake ya kuondoka inajulikana. Wenyeji wake wamekwisha kuona wengi wa namna hiyo. Baadhi walikuja kwa kupenda sare na king'ora, wakachoka baada ya wiki mbili. Wengine walikuja wakiisubiri ajira nyingine, mwili ukiwa kituoni na moyo ukiwa mjini. Kwa hiyo kijana asishangae akipokelewa kwa salamu fupi na macho marefu. Wenyeji hawamchukii. Wanataka tu kujua kama mtu huyu atakuwapo pale watakapomhitaji.

Yafaa pia akumbuke mahali alipoingia. Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, nalo huongozwa na Sheria ya mwaka 2007. Ni jeshi lenye vyeo, gwaride, saluti na amri. Neno "afande" si pambo la ulimi. Humkumbusha anayelitamka kwamba kuna mtu mmoja mwenye dhamana ya uamuzi, na kwamba wakati wa hatari hakuna nafasi ya mabishano. Kijana aliyezoea kujadiliana na wenzake kijiweni lazima ajifunze upya: swali lina wakati wake, na utii una wakati wake.

Kukijua kifaa kabla ya kukihitaji

Heshima ya kwanza hupatikana mbele ya vifaa. Kijana anapoambiwa azunguke gari na kutaja kilichomo katika kila kabati, asidhani anachezewa. Usiku, katika mvua na kelele, akiambiwa alete kipande fulani cha kuungia mipira, hatakuwa na muda wa kufungua kabati zote.

Tutazame hesabu mbili zitakazoonyesha uzito wa jambo hili. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi hilo litakauka baada ya dakika 10. Mipira miwili ikifunguliwa, zimebaki dakika 5. Askari mgeni anayefungua maji mapema ili aonekane shujaa, akayamwaga juu ya ukuta usioungua, amemnyang'anya mwenzake dakika za kumfikia mtu aliye ndani.

Hesabu ya pili ni ya hewa. Mtungi wa mgongoni wa lita 6, ukijazwa kwa shinikizo la bar 300, hubeba takribani lita 1,800 za hewa. Askari akifanya kazi huhesabiwa kutumia kiasi cha lita 40 kwa dakika. Basi hewa yote ingetosha dakika 45. Lakini hapaswi kuitumia yote. Shinikizo likishuka hadi karibu bar 50, filimbi ya mtungi hulia, na wakati huo anatakiwa awe amekwisha kutoka au yuko njiani kutoka. Mwenye hofu, au anayepanda ngazi amebeba mtu, huvuta hewa nyingi zaidi ya hiyo. Sasa fikiria mtungi ulioandikwa kwamba umejaa, kumbe una bar 200 tu. Una lita 1,200, yaani dakika 30. Dakika 15 zimepotea kabla askari hajavuka kizingiti, na hakuna aliyezichukua ila mtu aliyekagua kwa kalamu badala ya kukagua kwa macho.

Ndiyo maana askari wa zamani humheshimu kijana anayesoma geji kimya kimya, anayegusa kila muungo kwa kidole kuona kama mpira wake wa kuzibia maji upo, na anayeurudisha wembe wa kukatia mkanda mahali alipoutoa. Mambo haya hayapigiwi makofi, lakini hutazamwa.

Kazi ndogo na mipaka yake

Kufagia ukumbi, kuosha gari, kuanika mipira hadi ikauke, kuchemsha chai ya zamu: kazi hizi huangukia mikono ya mgeni. Kijana mwenye busara huzifanya kabla hajaambiwa. Hufika kabla ya muda wa zamu ili anayetoka apate kumkabidhi kwa utulivu. Kengele ya kazi inapolia baada ya chakula, huwa wa kwanza kusimama. Watu wakirudi kutoka kwenye tukio wakiwa wamechoka, yeye hashuki garini na kwenda kulala, kwa sababu anajua kwamba gari halijarudi kazini mpaka tangi lijazwe, mipira ibadilishwe na vifaa vihesabiwe. Moto wa pili hausubiri askari wapumzike.

Kila kazi ndogo ina sababu yake. Mpira uliokunjwa vibaya utajifunga fundo ukivutwa kwa haraka. Mpira uliohifadhiwa ukiwa na unyevu huota ukungu na kuoza, kisha hupasuka siku unapojazwa maji kwa nguvu. Anayejua sababu hiyo hakunji mpira kama mtu anayeadhibiwa.

Hata hivyo, lazima tuseme jambo lingine kwa uwazi. Kuna tofauti kati ya kazi na udhalilishaji. Kuosha vyombo vya zamu ni kazi. Kupigwa, kutukanwa mzazi, kudaiwa fedha ili "ukaribishwe", au kutakiwa kimapenzi na mkubwa si sehemu ya mafunzo yoyote. Kijana wa kike au wa kiume anayekutana na hayo ana haki ya kumweleza mkuu wa kituo, na ikiwa mkosaji ni mkuu mwenyewe, kupeleka malalamiko kwa ngazi iliyo juu yake. Kunyamazia uovu hakumpatii mtu heshima. Kituo kinachomvunja mgeni wake hujinyima mtu ambaye kesho angeshika mpira.

Ulimi na simu

Katika majuma ya kwanza, kijana asikilize mara mbili na kuzungumza mara moja. Asianze sentensi kwa kusema, "Kule chuoni tulifundishwa hivi." Huenda alichofundishwa ni sahihi, lakini kwanza aulize: "Afande, naomba kujua, kwa nini hapa tunafanya namna hii?" Mara nyingi atapewa sababu inayotokana na hali ya mahali: barabara ilivyo, maji yalivyo, gari lilivyo. Wakati mwingine mkubwa mwenyewe atagundua kwamba sababu haipo tena. Swali la adabu limemfundisha mmoja na kumkumbusha mwingine, na hakuna aliyeaibika.

Simu ya mkononi ni mtihani mkubwa wa siku hizi. Askari wa muda anaingia katika nyumba za majirani zake katika saa zao mbaya kuliko zote. Ataona mtu hana nguo, ataona maiti, ataona siri za ndoa na za umaskini. Akipiga picha na kuisambaza, au akienda kusimulia kijiweni, amepoteza heshima ya kituo na ya kata kwa pamoja, na si rahisi kuirudisha. Mlango utakaogongwa mwaka ujao utafunguliwa kwa mashaka.

Kukiri kosa

Tuchukue mfano. Kijana yuko katika mwezi wake wa kwanza. Asubuhi ameagizwa akague mitungi minne ya hewa na kuandika katika daftari la zamu. Mitatu ameisoma. Wa nne umefichwa nyuma ya ngazi, naye amechoka, akaandika kwamba yote imejaa. Jioni, wenzake wakiwa wanakula, jambo lile linaanza kumtafuna. Ana njia mbili. Aweza kusubiri usiku aende kuuangalia kwa siri. Au aweza kusimama.

Anasimama. "Afande, mtungi wa nne sikuusoma. Niliandika tu."

Ukumbi unanyamaza. Mkuu wa zamu anaweka kijiko chini, anaenda naye garini, na pamoja wanasoma geji: bar 120. Hizo ni lita 720, dakika 18 kwa hesabu tuliyoiona, na kabla ya filimbi ni chini ya hapo. Mkuu wa zamu hapigi kelele. Anamwagiza aubadilishe mtungi, asahihishe daftari kwa kuandika saa na jina lake, na kuanzia kesho akague mitungi ya zamu zote kwa muda wa mwezi mzima. Ni adhabu, na ni halali.

Usiku huo kengele hailii. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeokolewa. Lakini baada ya wiki moja, askari mkongwe ambaye hajawahi kumwita kijana yule kwa jina anamnyooshea barakoa na mtungi wake na kusema, "Nikagulie na wangu." Hakuna cheti kinachozidi maneno hayo matatu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kituoni, kosa lililofichwa halimuumbui aliyelificha peke yake; laweza kumwangukia mwenzake. Kwa sababu hiyo askari wa zamani humsamehe mgeni asiyejua, na humvumilia mgeni mzito wa mwili. Ambaye hawamsamehe ni yule anayeandika asichokiona.

Mahali pa tukio

Kanuni ya kwanza ya mgeni penye moto ni kutokwenda peke yake. Kijana jasiri anayekimbilia mlango wa nyuma bila kuagizwa anaanzisha kazi mbili badala ya moja: sasa watu wanazima moto na kumtafuta yeye. Akae na mwenza aliyepangiwa, asikie amri, airudie kwa sauti ili ijulikane ameielewa, kisha aitekeleze. Akiona hatari ambayo wengine hawajaiona, mathalani ukuta unaoinama, waya wa umeme chini, au mtungi wa gesi ulio karibu na miali, hapo asisubiri cheo. Apaze sauti. Hata mdogo kuliko wote ana wajibu huo.

Mara nyingi mgeni hupewa kazi ya kuzuia watu wasisogee, na yeye huiona kuwa ya kudharauliwa. Tukumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi ukutane na cheche. Aliyewahi kuelewa hilo hawezi tena kudharau kazi ya kusimama kwenye kamba na kusema, kwa upole na kwa msimamo, "Mama, tafadhali rudi nyuma." Na kijana wa kata anaweza kuifanya vizuri kuliko askari aliyetoka mbali, kwa kuwa watu wanamjua.

Ujuzi aliokuja nao

Mgeni haji mikono mitupu. Mwaka 1824, mjini Edinburgh nchini Uskoti, James Braidwood alipewa kuongoza kikosi kipya cha zimamoto cha mji huo. Alipenda kuchukua mafundi: waezekaji wa mapaa, maseremala, waashi, mafundi bomba. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mwezekaji hutembea juu ya paa bila kizunguzungu, seremala anajua boriti itavunjikia wapi, mwashi huusoma ukuta. Braidwood baadaye alikiongoza kikosi cha London, na mwaka 1861 aliuawa na ukuta ulioanguka katika moto wa Tooley Street, akiwa pamoja na watu wake karibu na moto.

Kijana wetu aliyekuwa fundi umeme, dereva wa bodaboda au mchimba visima ana hazina ya namna hiyo. Pampu ya gari la zimamoto haiwezi kunyonya maji kutoka kina kinachozidi mita 7 au 8 hivi; kwa hiyo kisima kirefu hakilisaidii gari hata kama kimejaa. Anayejua ni bwawa gani lina ukingo mgumu unaofikika na gari, kichochoro gani kimezibwa na kibanda, na nyumba gani ina mzee asiyeweza kutembea, ana elimu isiyopatikana chuoni. Aitoe kwa adabu na kwa wakati: "Afande, njia hii imefungwa tangu juzi, naijua nyingine." Akisema hivyo mara mbili na ikawa kweli, mara ya tatu ataulizwa yeye kwanza.

Wajibu wa wenyeji na wa wananchi

Heshima ni njia ya kwenda na kurudi. Askari wa kudumu wana wajibu wa kumfundisha mgeni kwa maneno yanayoeleweka, kumpa vifaa kamili vya kujikinga, na kutomtuma mahali ambapo hajafunzwa kuingia. Kumcheka anayeuliza ni kumfundisha asiulize tena, na asiyeuliza ni hatari kwa kila mtu.

Sisi wananchi nasi tuna sehemu yetu. Tukiona moto, tupige namba 114 mapema, tutaje kata, mtaa na alama ya karibu, na mmoja wetu asimame barabarani kulielekeza gari. Tusijenge vibanda wala kuegesha magari juu ya haidranti. Gari likichelewa, tusiwarushie mawe vijana walio ndani yake. Mara nyingi wamechelewa kwa sababu njia ilizibwa au taarifa ilifika moto ukiwa umekwisha kushika paa. Na tunapomwona kijana wa mtaa wetu akiosha gari kituoni, tusimwite kibarua wa ndoo.

Siku ya kuondoka

Mkataba wa muda huisha. Namna kijana anavyoondoka hukumbukwa kuliko namna alivyoingia. Akabidhi sare na vifaa vikiwa safi, aage kila zamu, amshukuru aliyemfundisha na hata aliyemkemea. Hana uhakika wa kuajiriwa, na asiahidiwe na mtu yeyote kwa malipo. Lakini nafasi ikitokea, wapo watakaosema wanamjua. Na hata isipotokea, kata imempata mtu anayejua kufunga gesi inayovuja, kuwatoa watu katika moshi na kunyamaza juu ya siri za jirani.

Maswali ya kujipima na kujadili

1. Gari lina lita 4,000 za maji na mpira mmoja unatoa lita 400 kwa dakika. Maji yatatosha dakika ngapi? Katika mtaa wako, gari litajaziwa wapi?

2. Kwa nini kijana wa mfano wetu aliheshimiwa baada ya kukiri kosa, ingawa kosa lenyewe lilikuwa kubwa?

3. Taja kazi mbili ambazo mgeni wa kituo apaswa kuzikubali, na mambo mawili ambayo apaswa kuyakataa.

4. Ni njia zipi katika kata yako ambazo gari la zimamoto haliwezi kupita leo? Nani ataziwasilisha katika mkutano ujao wa mtaa au kijiji?